Yordani Inapita Murang'a

Picha ya kwanza ya Renesansi ambayo wengi wetu tuliokulia kando ya Mlima Kenya tuliiona haikuwa ndani ya jumba la makumbusho. Ilikuwa kwenye kalenda ya parokia, imetundikwa kwa msumari sebuleni juu ya redio: Maria mwenye joho la buluu, Mwana mikononi mwake, na chini yao tarehe za mwezi na sikukuu za watakatifu. Tulimwita Konsolata. Hakuna aliyetuambia kwamba sura ile ilitoka katika Italia ya karne ya 15, enzi zile zile za Leonardo na Botticelli.

Rafiki yangu anayefundisha sanaa karibu na Karatina ndiye aliyenitia hamu ya safari hii. Wanafunzi wake walikuwa wamefika kwenye Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu uliochipuka Florence na kuenea Ulaya nzima, na mmoja akamuuliza: sisi yanatuhusu nini? Mwalimu hakutaka kulijibu swali hilo kwa maneno ya kitabu. Akanipigia simu, tukapanga kuonana Nyeri asubuhi, tuone kile ambacho mtu anaweza kukiona kwa siku moja, kwa nauli ya matatu, bila pasipoti.

Nyeri asubuhi ni baridi ya kufunga sweta mpaka shingoni. Mlima ulikuwa wazi, vilele vyeupe kwa theluji kidogo, na kila mkazi wa huku anajua ni heri kuutazama mapema kwa sababu kufikia saa nne mawingu huwa yameushukia. Tulikunywa chai ya maziwa karibu na stendi, tukapanda kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Mama wa Faraja.

Hapa ndipo Konsolata yuko kwake. Jina hilo lilisafirishwa kutoka Torino, mji wa kaskazini mwa Italia, ambako Padre Giuseppe Allamano alikuwa mlezi wa patakatifu pa Konsolata kuanzia mwaka 1880. Mwaka 1901 alianzisha shirika la wamisionari, na mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1902, wale wa kwanza wakafika Tuthu, kwenye miinuko ya Murang'a chini ya milima ya Aberdare, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure. Kutoka Tuthu wakasambaa hadi Nyeri. Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024, na Nyeri ilishangilia kama mji uliotoa mtoto wake.

Picha waliyokuja nayo ina safari ndefu kuliko yao. Huko Roma, katika kanisa la Santa Maria del Popolo, kuna picha ya kale ya Maria na Mwana, ya karne ya 13. Ile ya Torino ni nakala yake, na wataalamu wa historia ya sanaa wanaihusisha na Antoniazzo Romano, mchoraji wa Roma aliyefanya kazi katika nusu ya pili ya karne ya 15. Antoniazzo alisifika kwa kazi ya namna hiyo: kuzichora upya picha takatifu za kale ili makanisa mengine nayo yawe nazo, akizibakizia heshima ya zamani huku mkono wake ukiongeza ulaini wa nyuso na uzito wa mwili, mambo yaliyokuwa yanazaliwa katika enzi yake. Kwa hiyo Maria wa kalenda zetu ni chapa ya picha iliyochorwa kutokana na picha. Kila mwaka tarehe 20 Juni, Torino na Nyeri huadhimisha sikukuu ileile chini ya sura ileile.

Mwalimu alisimama mbele ya sanamu na picha za Mama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nakala nayo ina kazi yake. Bila nakala, isingefika hapa."

Nilikubaliana naye. Nakala ndiyo iliyomvusha Konsolata bahari na kumpandisha hadi vibanda vya udongo vya mwanzo wa karne iliyopita. Akina shosho waliokuwa hawajui kusoma walimwona mama mwenye mtoto, wakamwelewa. Sitamdharau mtu yeyote kwa kuipenda picha ya kalenda. Ila niliondoka kanisani na jambo moja moyoni: tumepewa sura, lakini bado hatujaonyeshwa ule ujasiri uliofanya Renesansi iwe Renesansi. Sura inaweza kubebwa ndani ya sanduku. Ujasiri haubebeki hivyo.

Tulichukua boda hadi Mathari, karibu na hospitali ya misheni, kuona kanisa la kumbukumbu la Waitalia. Si kazi ya Renesansi, lilijengwa miaka ya 1950 mwanzoni, lakini mtu anayetaka kuelewa namna Italia ilivyoingia katika mji huu hawezi kulipita. Mnara wa kengele unachomoza juu ya miti, na ukiingia ndani unakuta majina. Mabaki ya askari 676 wa Italia yamehifadhiwa hapa, wengi wao waliofia kifungoni baada ya Waingereza kuiteka himaya ya Mussolini ya Afrika Mashariki mwaka 1941. Mbele ya altare kuna kaburi la Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme Ethiopia. Alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941, akaletwa Kenya kama mateka, akafa kwa maradhi Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Alitaka azikwe pamoja na askari wake, na ndivyo ilivyokuwa.

Niliyasoma majina mengi kadiri nilivyoweza. Vijana wa Veneto, wa Sicilia, wa Toscana, waliotumwa kuiteka nchi ya watu wengine na kuishia katika udongo wetu. Mateka wenzao waliobaki hai walilima barabara, na wakaacha kikanisa kidogo kando ya barabara ya Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, kilichomalizika mwaka 1942. Watatu kati yao, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 kwa nia moja tu: kuupanda Mlima Kenya, wasimike bendera, kisha warudi wenyewe kambini. Wakafanya hivyo. Nikiwa Mathari, mlima ukianza kujifunika, niliwafikiria kwa huruma ya kweli.

Lakini Nyeri ina marehemu wengine wasio na mnara. Katika mji huuhuu, Novemba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, alihukumiwa kifo. Akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957, na hadi leo familia yake haijapewa mwili wa kuzika. Askari wa mfalme wa kigeni ana marumaru na ibada ya kila mwaka. Jambo hilo halinifanyi niwachukie marehemu wa Mathari. Linanifanya niulize nani alipewa ukuta wa kuandikwa jina lake, na nani hakupewa. Swali hilo lilitufuata hadi Murang'a.

Matatu ya kuelekea Karatina ilijaa upesi. Soko la Karatina lilikuwa limefurika hadi barabarani: viazi, kabichi, ndizi, nazi za kusikitisha zilizosafiri kutoka pwani, mitumba iliyopangwa kwa rangi. Mwalimu alishuka akanunua parachichi na kurudi mbio kabla ya makanga kugonga bodi. Sagana tukabadilisha gari, tukaanza kupanda tena. Murang'a ni nchi ya matuta. Barabara inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena, na kila mteremko umejaa migomba, kahawa, majani ya ng'ombe na nyumba za mabati. Anayeketi dirishani anaona vilima vikipishana hadi vinapofifia kuwa buluu, na Mwalimu akaniambia kwamba buluu hiyo ya mbali ndiyo Leonardo alihangaika nayo maisha yake yote, akijifunza namna hewa inavyokula rangi ya mlima kadiri unavyokuwa mbali. Nilitazama nje upya.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Wafia Dini Wote liko mjini Murang'a, mji ambao wakoloni waliuita Fort Hall. Ni la Kianglikana. Lilijengwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, kuwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Hakuna namna ya kulitaja jambo hili kwa wepesi. Katika matuta haya, ndani ya ukoo mmoja, huyu aliingia msituni, yule akawa mlinzi wa serikali, yule mwingine akakataa bunduki zote mbili kwa sababu ya imani. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa mashambani mwao na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kanisa lililojengwa katikati ya hayo lingeweza kuwa jengo la upande mmoja, na wapo waliolitazama hivyo.

Kisha mwaka 1959 akaja Elimo Njau na rangi zake.

Njau hakuwa Mkikuyu. Alizaliwa mwaka 1932 Marangu, upande wa Tanganyika, chini ya Kilimanjaro, katika nchi nyingine ya migomba na mifereji na kahawa. Alisomea sanaa Makerere, kwenye shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, mwanamke Mwingereza aliyeamini kwamba Mwafrika anapaswa kuchora anachokiona yeye. Mtoto wa mlima mmoja akaitwa mlima wa pili, akachora ukutani maisha ya Yesu katika picha tano: kuzaliwa, ubatizo, Mlo wa Mwisho, uchungu wa Gethsemane, na kusulubiwa.

Tulifunguliwa mlango na bibi mmoja wa kanisa, aliyekuwa akipanga maua kwa ajili ya ibada. "Karibuni, watoto wangu. Mmekuja kuomba au kuangalia?"

"Vyote viwili, shosho," Mwalimu akajibu.

Sitazieleza picha hizo moja baada ya nyingine. Aliye na nafasi aende akasimame mbele yake. Nitasema tu kwamba Yesu ni mtu mweusi, na mama yake ni mweusi, na wanafunzi wake ni weusi, na ardhi wanayoikanyaga ni hii tuliyotoka kuipita kwa matatu. Ukitoka nje ya mlango, mandhari yanaendelea pale picha ilipoishia. Mimi nimelelewa na Konsolata wa kalenda, na sikutarajia kuguswa namna ile. Nilihisi koo linakaza. Hiyo Gethsemane si ya bustani ya mbali. Mwaka 1959 Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, iliondolewa Januari 1960. Aliyeingia hapa Jumapili akamwona mtu mweusi akitokwa jasho la hofu usiku, akisubiri kukamatwa, hakuhitaji mahubiri. Alimjua mtu huyo kwa jina.

Na hapa ndipo jibu la mwanafunzi wa Karatina linapokaa. Tunazoea kudhani kwamba wachoraji wa Renesansi walichora Palestina. Hawakuichora. Piero della Francesca, katikati ya karne ya 15, alichora ubatizo wa Yesu, picha ambayo sasa iko London, na Yordani yake ni kijito cha Toscana kinachopinda chini ya vilima vya kwao, na ule mji mdogo nyuma unafanana na Sansepolcro alikozaliwa. Benozzo Gozzoli mwaka 1459 alipochora msafara wa Mamajusi katika jumba la Medici, aliwavika nguo za Florence na kuwatia ndani ya msafara matajiri wa mji, nyuso zao zikitambulika. Leonardo alipochora Mlo wa Mwisho Milano, kati ya mwaka 1495 na 1498, aliuweka kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa, akaiandaa meza ya Bwana kama meza yao, ili wanapokula wajione wanaketi chumba kimoja naye. Ujasiri wao ulikuwa huo: kusema kwamba jambo kuu kuliko yote lilitokea hapa, kwetu, mbele ya mto wetu, na majirani wetu wakiwa mashahidi.

Njau alifanya hivyo hivyo, katika nchi ambayo kwa miaka zaidi ya 50 ilikuwa imeambiwa kwamba utakatifu una ngozi nyeupe. Maisha yake yote amejulikana kwa kupinga kunakili; kwake kunakili ni kumlaza Muumba usingizi. Miaka michache baadaye, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa Nairobi, mahali pa wasanii wa Kiafrika kuonyesha kazi zao wenyewe. Lakini naona hoja yake kuu alikuwa ameshaitoa Murang'a, bila kusema neno. Kama Renesansi ni kuirudisha mbingu iguse ardhi unayoilima, basi kazi ya Renesansi iliyo karibu zaidi na Mlima Kenya haiko katika nakala ya Antoniazzo. Iko katika ukuta huu, na mchoraji wake alikuwa kijana wa miaka 27 kutoka Marangu.

Shosho alikuwa ameacha maua yake, ameketi nyuma yetu. Nikamuuliza picha hizi zilimwambia nini alipoziona mara ya kwanza.

"Nilikuwa msichana mdogo," akasema. "Nilimuuliza mama, huyu ni wa mbari gani? Mama akanikanyaga mguu ninyamaze." Akacheka, kisha akawa na uso wa utulivu. "Sisi tulikuwa na watu pande zote mbili. Kanisa lilikuwa la waliouawa huku. Lakini mtu akiangalia pale msalabani, hawezi kuuliza huyo ni wa upande gani."

Mwalimu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Mimi nilirudi kwenye picha ya msalaba. Kama lile kanisa lingeachwa na majina ya upande mmoja peke yake, lingekuwa kama Mathari: ukuta wa waliobahatika kuandikwa. Mwili mweusi ule umefungua ukuta kwa wengine, hata kwa wale ambao hakuna anayejua walipozikwa.

Tuliongea pia juu ya ukuta wenyewe, kwa sababu Mwalimu ni mtu wa vifaa. Mafundi wa Florence, alinieleza, walipaka rangi iliyochanganywa na maji juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa ikikauka huvuta hewa na kugeuka kuwa jiwe, na rangi inafungwa ndani ya jiwe. Ndiyo maana fundi alipaka lipu ya kutosha kazi ya siku moja tu; kesho yake anaanza kipande kingine, na mtaalamu akiikaribia picha anaweza kuona mishono ya siku. Leonardo hakuipenda haraka hiyo. Alichora Mlo wa Mwisho juu ya lipu kavu ili apate muda wa kufikiri, na rangi ikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa bado hai. Urekebishaji wa mwisho uliofanywa Milano ulichukua miaka zaidi ya 20, hadi 1999. Wenye picha yao wamejua kuililia.

Nasi tunapaswa kuililia ya kwetu kabla haijaharibika. Picha ya ukutani haiwezi kuhamishwa ikipata shida. Adui zake ni wa kawaida kabisa: unyevu unaopanda kutoka msingini, bati linalovuja, fundi mwenye nia njema anayekuja na ndoo ya rangi mpya. Ningeomba kila mkarabati atakayeingia humo aanze kwa kuutazama ukuta, tena pamoja na mtu wa makumbusho. Ningeomba pia shule za Nyeri, Kirinyaga na Murang'a zisisubiri safari ya Mombasa kila mwaka. Hapa ni mwendo wa asubuhi moja, na watoto watakutana na kazi ambayo ingekuwa Italia watalii wangepanga foleni barabarani.

Tulitoa sadaka, tukamuaga shosho. Alitutaka tusiondoke bila kunywa maji, na tulipomshukuru akasema kwa Kikuyu Mungu atutangulie njiani.

Stendi ya Murang'a saa kumi ilikuwa na kelele za Nairobi, Thika, Kenol. Tulingoja gari la Sagana huku Mwalimu akipanga somo lake kwa sauti. Nilimshauri aanze na Konsolata wa kalenda, kwa kuwa kila mtoto ameshamwona, kisha Piero, kisha Murang'a, ili waone picha ilivyosafiri. Akakataa kabisa.

"Ukiwaonyesha picha kwanza, watainakili," akasema. "Nawajua."

Aliamua kuwapeleka kwanza mto Ragati, chini ya Karatina, na karatasi na penseli, na kuwaambia wachore ubatizo: watu gani wangekuwa ukingoni, wamevaa nini, nani angekuwa anafua nguo pembeni, mlima uko upande gani. Siku ya pili ndipo angewaonyesha mto wa Piero. Murang'a ingekuja mwisho, kwa basi, na kila mmoja angebeba mchoro wake mkononi ili aulinganishe na ukuta. Nikamwambia basi la shule ni ghali. Akasema wazazi wa darasa lile wanauza viazi sokoni, atawaendea mmoja mmoja siku ya soko, na akanipa mimi kazi ya kuandika barua kwa kanisa.